Sura ya Saba: Sanduku Moja, Picha Nane

Swali ambalo watu hawachoki kuliuliza, kila wamwonapo mtu mzima ameishika mikononi kamera kongwe ya sanduku, ni hili: ikiwa simu ya mfukoni yaweza kupiga picha mia moja kabla ya chai ya asubuhi kupoa, na kuzifikisha Mwanza na Maskati katika dakika ile ile, ya nini mtu kujitaabisha na chombo kilichobuniwa zaidi ya karne moja iliyopita, kisicho na betri wala kioo cha kuonyesha kilichopigwa, ambacho filamu yake nzima haitoi zaidi ya picha nane?

Swali hilo lina haki yake, wala halijibiwi kwa kusema kwamba ya kale ni dhahabu, maana si kila cha kale kina thamani. Watu wanaposhindana kwa kamera za kisasa aghalabu hushindana kwa mifuko yao: mwenye fedha nyingi hununua lenzi ndefu na chombo chepesi, na mwenye kidogo hurudi nyumbani akidhani kwamba jicho lake ndilo lililopungukiwa, ilhali kilichopungua ni fedha. Kamera ya sanduku huifuta tofauti hiyo mara moja. Mwalimu na mwanafunzi, fundi na mkulima, mwenye duka na dereva wa bodaboda, wote hupewa tundu moja la nuru, mwendo mmoja wa kufunguka na kufumba, na nafasi nane tu. Kinachobaki kuwapambanua ni subira, wepesi wa kuona, na namna kila mmoja wao anavyopatana na mtu aliye mbele yake. Kwa sababu hiyo nayapendekeza, kwa moyo wangu wote, mashindano ya kirafiki ya kamera za sanduku baina ya watu wa Ngara na watu wa Biharamulo mkoani Kagera, na katika sura hii nitaeleza chombo chenyewe, sababu ya kuzichagua wilaya hizo mbili, na njia ya kuyaendesha mashindano pasipo gharama ya kutisha.

Sanduku limeundwaje?

Mbele yangu ninapoandika pana kamera moja ya aina hiyo. Ni sanduku la karatasi ngumu lililovikwa kitambaa cheusi kilichochubuka pembeni, urefu wake haufiki shubiri, na uzito wake hauchoshi mkono wa mtoto. Usoni mwake pana matundu matatu. Lile la katikati ni la lenzi, yaani kipande cha kioo kilichopinda ambacho huikusanya nuru na kuichora sura ya kitu ndani ya sanduku. Na yale madogo mawili ya juu ni ya vitazamio, yaani vioo vya kumwonyesha mpiga picha ni kitu gani kitaingia katika picha yake, kimoja kwa picha ya kusimama na kimoja kwa picha ya kulala. Ubavuni pana kichuma cha kusukuma kwa kidole gumba. Kikisukumwa, shata, ambayo ni kibati chembamba kinachoikinga nuru isiingie, hufunguka na kufumba kama kope la jicho, kwa muda ulio kati ya sehemu 1 ya 50 na sehemu 1 ya 25 ya sekunde. Karibu nacho pana ufunguo wa kuzungushia filamu, na mgongoni kuna kidirisha cha kioo chekundu ambamo nambari za picha husomeka, moja hadi nane, zikipita polepole kadiri ufunguo unavyozungushwa.

Filamu yenyewe ni ukanda mwembamba uliopakwa utando wenye chumvi za fedha, yaani fedha ile ile ya pete na mikufu, iliyochanganywa na vitu vingine hata ikawa na hisia kwa nuru. Mahali palipoguswa na nuru nyingi hugeuka peusi baada ya kusafishwa kwa dawa, na palipoguswa na nuru kidogo hubaki peupe. Kwa hiyo picha ya kwanza hutoka kinyume, uso ukiwa mweusi na nywele zikiwa nyeupe, na picha hiyo ya kinyume ndiyo iitwayo negativu. Kutokana na negativu moja mtu anaweza kuchapa nakala nyingi atakazo.

Hakuna cha kurekebisha katika kamera hii, au kama kipo ni kidogo mno. Umbali umekwisha kupangwa kiwandani: kila kilicho kuanzia mita 3 na kwenda mbele huonekana sawasawa, na kilicho karibu zaidi ya hapo hutoka kimefifia kingo zake. Mtu akisimama umbali huo wa mita 3, mwili wake wote, tangu kilemba hata nyayo, huenea ndani ya picha ya kusimama, na hubaki nafasi kidogo juu na chini. Basi hiki si chombo cha kuchungulia nyuso za watu kwa karibu, bali ni chombo cha kumwonyesha mtu pamoja na mahali pake, mlango wake, mgomba wake na ng'ombe wake. Kitazamio nacho kina tabia ambayo kila mwanafunzi hana budi kuizoea, kwamba hugeuza kulia kuwa kushoto, hivi kwamba mtoto akimbiaye kutoka upande wa sokoni huonekana kiooni akitokea upande wa pili. Na atakayesahau kuzungusha ufunguo baada ya kupiga, picha mbili zitalala mahali pamoja, moja juu ya mwenziwe, wala hapana dawa ya kuzitenganisha.

Kwa ufupi: lenzi huichora nuru, shata huipima, filamu huihifadhi, na mtu hubakiwa na kazi tatu tu, nazo ni kuchagua mahali pa kusimama, kuchagua dakika, na kutotikisika.

Chombo kilichoshuka bei

Picha kabla ya sanduku zilikuwa kazi ya mabingwa na matajiri. George Eastman wa mji wa Rochester, Marekani, alitoa mwaka 1888 sanduku aliloliita Kodak, lililokuwa na filamu ya picha 100 ndani yake; mwenye kulinunua alipiga zote, kisha akalirudisha zima zima kiwandani ili picha zisafishwe na filamu mpya itiwe. Bei yake ilikuwa dola 25, nazo zilikuwa fedha nyingi. Mwaka 1900 ikaja Brownie, iliyosanifiwa na Frank Brownell, sanduku la karatasi ngumu kwa dola 1 tu, na hapo ndipo mlango ulipofunguka kwa watu wa kawaida, wakubwa kwa wadogo. Kampuni ya Eastman, Kodak, ilianzisha chama cha watoto wenye kamera hiyo na kuwashindanisha kwa zawadi. Na ilipofika mwaka 1930 ikagawa bure kamera za sanduku, karibu nusu milioni, kwa watoto wa Marekani waliotimiza miaka 12 mwaka huo. Biashara ilikuwemo ndani ya ukarimu ule, kwa kuwa kila mtoto aliyepewa kamera alikuwa mnunuzi wa filamu wa kesho, lakini faida waliyoipata watoto haikupungua kwa sababu hiyo.

Kwetu sisi jambo lenye manufaa makubwa zaidi ni la mwaka 1901, ilipotoka Brownie ya pili pamoja na filamu mpya iliyopewa namba 120, ambayo hutoa picha nane zenye ukubwa wa takriban sentimita 6 kwa 9. Filamu hiyo haijakoma kutengenezwa hata leo, Uingereza, Marekani na Jamhuri ya Cheki. Kamera iliyotengenezwa kabla ya vita kuu ya kwanza yaweza kutiwa filamu iliyotoka kiwandani mwaka huu, na ikafanya kazi. Ziko na kamera nyingi za miaka ya thelathini hadi hamsini zinazotaka filamu namba 620, ambayo Kodak iliacha kuiuza mwaka 1995. Hizo nazo hazijafa, kwa kuwa filamu ya 620 ni ile ile ya 120 iliyozungushiwa kigurudumu chembamba zaidi, na fundi mwenye kigurudumu kimoja kitupu huweza kuihamisha gizani kwa vidole vyake.

Kwa nini Ngara na Biharamulo?

Msomaji wa Unguja au Mombasa anaweza kuuliza kwa nini mashindano haya yasifanyike pwani, ambako sanaa ya picha ina mizizi mirefu, ambako A. C. Gomes alikuwa na studio Unguja tangu karne ya kumi na tisa, na ambako Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930. Pwani ina picha zake, tena nzuri. Ninalolitazama mimi ni upungufu wa bara, na katika bara yote sijui mahali ambapo upungufu huo una habari ya ajabu zaidi kuliko kona hii ya Tanzania inayopakana na Rwanda na Burundi.

Mwaka 1860 James Augustus Grant, mwandani wa John Hanning Speke katika safari ya kutafuta chimbuko la Mto Nili, alipiga picha Unguja kwa kamera ya mabamba ya vioo. Kila bamba lilipaswa kupakwa dawa, kutumiwa likiwa bado bichi, na kusafishwa papo hapo ndani ya hema dogo lililofungwa kila upande. Speke aliona kwamba joto la hema lile lingemwua mwenzake, akaikomesha kazi hiyo, na Grant akaendelea kwa kuchora kwa mkono. Kwa sababu hiyo, msafara wao ulipoingia Usuwi mwaka 1861, nchi ambayo leo imo katika wilaya za Biharamulo na Ngara, na ambayo mtawala wake Suwarora aliwatoza hongo nzito kabla ya kuwaachia njia ya Karagwe, kamera haikuwamo miongoni mwa mizigo. Wasubi, Washubi na Wahangaza wa zama zile walionwa, wakaandikwa, wala hawakupigwa picha.

Miaka mia moja na zaidi ikapita, kisha kamera za ulimwengu zikaja zote kwa mara moja. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao laki mbili na nusu, kwa hesabu iliyotolewa wakati huo na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa saa ishirini na nne hivi, na kambi ya Benaco wilayani Ngara ikawa mji mkubwa uliojengwa kwa maturubali. Wapiga picha walifika kutoka pande zote za dunia, miongoni mwao Sebastião Salgado wa Brazili, ambaye picha zake za Benaco zimetundikwa katika makumbusho ya miji mikuu. Kazi ile ilikuwa ya lazima, na simlaumu hata mmoja wao. Tena kamera ilifanya wema ulio dhahiri, kwani katika kambi za wakimbizi wa Rwanda watoto waliopotezana na jamaa zao walipigwa picha ili zitundikwe mahali pa wazi, ndugu wapate kuwatambua. Hata hivyo matokeo yake ni kwamba mtu wa mbali asikiapo jina la Ngara, sura imjiayo aghalabu ni ya moshi, maturubali na foleni za maji, nayo ni sura ya msiba wa wageni waliokimbilia pale, si ya wenyeji waliowapokea.

Wenyeji hao wanalima kahawa na migomba, wanafuga, wanachunga mpaka, wanasali, wanaoa na kuoza, na mambo hayo hayana budi kupigwa picha na watoto wao wenyewe. Biharamulo kuna boma la Wajerumani la mwanzoni mwa karne ya ishirini, lenye kuta nene zinazopokea vizuri nuru ya asubuhi. Kuna misitu ya miombo, na Ziwa Burigi lililomo katika hifadhi ya taifa ya Burigi-Chato iliyotangazwa mwaka 2019. Ngara kuna vilima vya Bugufi, soko la Rulenge, kanisa na hospitali ya Murgwanza, kituo cha mpakani cha Kabanga ambako Burundi huanza, na maporomoko ya Rusumo, ambayo juu yake kidogo Mto Ruvubu huungana na Kagera. Baina ya wilaya hizo mbili hupita barabara ya Lusahunga na Nyakahura hadi njia panda ya Benaco, iliyojaa malori ya Kigali na Bujumbura, ambayo madereva wake hulala, hula, hufua nguo na kusubiri karatasi za forodha mbele ya macho ya kila apitaye.

Nuru ya nchi ya vilima

Kwa kuwa shata ya sanduku haibadiliki, mpiga picha hana budi kuifuata nuru mwenyewe. Wilaya hizi ziko kusini kidogo ya ikweta, na karibu ya katikati ya Machi na mwisho wa Septemba jua la adhuhuri husimama wima juu ya utosi, likatia vivuli vyeusi machoni mwa watu hata uso wa kijana ukaonekana wa mtu mwenye huzuni. Wakati ulio bora ni kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, na tena kati ya saa tisa na saa kumi na moja alasiri, mpiga picha akiwa amelipa jua kisogo, limpigie bega moja ili nyuso zipate kivuli upande mmoja. Alfajiri ukungu hulala mabondeni Ngara, na uzuri wake humvuta kila mtu. Lakini sanduku lenye filamu ya kawaida halina nguvu ya kuuona ukungu huo kabla jua halijapanda.

Hapa inafaa nieleze kasi ya filamu, maana yake wepesi wake wa kuipokea nuru, ambao huandikwa kwa nambari kwenye pakiti. Filamu ya 100 au 125 inafaa jua kali; filamu ya 400 inahitaji robo tu ya nuru hiyo, basi inafaa mawingu, kivuli cha migomba na asubuhi za ukungu. Msimu wa kufaa ni kiangazi cha Juni hadi Agosti, baada ya masika na kabla ya vuli, ingawa vumbi la miezi hiyo huingia kila penye ufa, na kamera yapasa kufunikwa kwa kitambaa njiani.

Kidirisha chekundu nacho kinataka uangalifu. Filamu za zamani hazikuona rangi nyekundu, kwa hiyo nuru iliyopenya kioo kile haikuzidhuru. Za leo huiona. Kibandike kidirisha utepe mweusi, ukifunue kivulini wakati wa kuzungusha tu, kisha ukifunike tena.

Masharti ya mashindano

Nimeyaweka masharti machache, kwa imani kwamba mashindano yenye sheria nyingi humalizikia katika ugomvi.

1. Kila mshindani hupewa filamu moja ya namba 120, ya aina moja na kasi moja na ya wenzake, naye hutumia kamera yoyote ya sanduku, hata ya kuazima.
2. Picha nne hupigwa katika wilaya yake na nne katika wilaya ya wenziwe, ambako atakuwa mgeni wa mshindani mmoja wa huko.
3. Filamu hurudishwa nzima, haikatwi, ili waamuzi wazione picha zote nane kwa mfuatano wake, zilizofaulu na zilizoharibika.
4. Hapana picha ya mtu aliyekataa, wala ya mtoto pasipo idhini ya mzazi wake. Madarajani na vituoni mwa mpaka ruhusa ya maofisa huombwa kabla.
5. Kila aliyepigwa picha hupata nakala yake, na jina lake, mahali na tarehe huandikwa nyuma ya nakala ya kumbukumbu.
6. Zawadi ni filamu, si fedha.

Sharti la pili ndilo ninalolipenda zaidi. Mtu wa Biharamulo akishinda Ngara siku nzima, akala kwa mwenyeji wake na kuonyeshwa njia za mkato, atapiga picha ambazo mtalii hawezi kuzipiga. Na mwenyeji naye, kwa kumtazama mgeni akishangaa, atayaona mambo ya kwao ambayo mazoea yalikuwa yamemfumba macho asiyaone.

Adabu ya kumwelekea mtu

Mwenye simu huiba picha kwa urahisi, na wengi huiba pasipo kujua kuwa wanaiba. Mwenye sanduku hawezi, maana hushika chombo chake tumboni, huinamisha kichwa kukitazama kitazamio, huhesabu hatua nne za umbali, kisha hukaza pumzi. Mambo hayo yote huonekana, na mtu aliyekusudiwa hujua mapema. Heri aambiwe waziwazi. Kijana amkute bibi kizee anaanika maharage uani, amwamkie, "Shikamoo, bibi," angoje aitikiwe marahaba, ajitaje ni mtoto wa nani na ametoka wapi, ndipo aseme, "Naomba nikupige picha moja, nami nitakuletea nakala." Bibi atauliza mambo matatu au manne. Ataingia ndani kubadili kitenge, na atakaporudi amesimama wima, mikono imetulia, macho yakiitazama lenzi bila woga, kijana atakuwa amepata kitu ambacho picha ya haraka haikipati, nacho ni mtu aliyechagua mwenyewe namna ya kuonekana.

Wako watakaosema kwamba picha iliyopangwa hivyo si ya kweli. Siafikiani nao. Hadhi ambayo mtu huivaa anapojua kwamba atatazamwa na wajukuu zake ni sehemu ya ukweli wake, na kwa wilaya ambayo watu wengi wa mbali wameijua kwa picha za watu wasioulizwa, sehemu hiyo ndiyo iliyokosekana.

Kusafisha filamu kwa kahawa

Swali la pili la watu, baada ya lile la kwanza, ni la haki vile vile: filamu ikijaa, itasafishwa wapi, na studio za mitaani ziliacha kazi hiyo zamani? Jibu lake limo katika mazao ya Kagera yenyewe.

Mwaka 1995, katika chuo cha teknolojia cha mji ule ule wa Rochester, mwalimu Scott Williams na wanafunzi wake walionyesha kwamba filamu nyeusi na nyeupe yaweza kusafishwa kwa kahawa ya kuyeyuka, ile ya kopo inayotiwa katika maji moto. Ndani ya kahawa zimo asidi zenye uwezo wa kuzigeuza zile chumvi zilizoguswa na nuru kuwa fedha halisi, ambayo machoni huonekana nyeusi. Asidi hizo hazifanyi kazi mpaka ziamshwe na soda ya kufulia, na vitamini C huongeza nguvu na kupunguza ukungu katika picha. Waliojaribu kwa miaka mingi husifu kahawa ya robusta kuliko ya arabika, na robusta ndiyo kahawa iliyoitajirisha Bukoba, mji ambao una kiwanda cha TANICA kitengenezacho kahawa ya kuyeyuka. Huko Ulaya watu hutafuta robusta ya bei rahisi kwa ajili ya filamu zao. Mtu wa Ngara anaipata dukani.

Kipimo kinachotumika sana kwa lita 1 ya maji ni hiki: gramu 54 za soda ya kufulia iliyo kavu, gramu 16 za unga wa vitamini C, na gramu 40 za kahawa ya kuyeyuka, vikitiwa kwa utaratibu huo huo na kukorogwa hadi viishe kabisa. Filamu huingizwa gizani katika kopo lisilopitisha nuru, katika chumba kisicho na dirisha na usiku usio na mbalamwezi. Dawa humiminwa ikiwa na joto la nyuzi 20, na kopo hupinduliwa polepole kila dakika kwa muda wa dakika 15. Ngara, ambako usiku ni wa baridi, maji yaliyolala mtungini hayahitaji kazi kubwa kufikia nyuzi hizo. Baada ya hapo filamu husuuzwa, ikatiwa dawa ya kuimarisha, yaani ile inayoziondoa chumvi zote ambazo hazikuguswa na nuru ili picha isiendelee kuwa nyeusi mchana; dawa hiyo haina badala ya jikoni, ni lazima inunuliwe, nayo hutumika kwa filamu nyingi kabla ya kuchoka. Mwisho ni maji mengi safi, na filamu kuanikwa mahali pasipo vumbi. Mchanganyiko wa kahawa una harufu mbaya, tena si wa kunywa. Usiachwe katika chombo cha chakula.

Negativu ikikauka, simu nayo hupata kazi yake ya halali. Simu moja huwekwa mezani kioo chake kikiwa cheupe, negativu huinuliwa kidogo juu yake, na simu ya pili huipiga picha na kugeuza weusi wake kuwa weupe. Kutoka hapo wachapaji wa mjini hutoa nakala kwa bei ya kawaida.

Kwa ufupi: kinachotoka nje ya mkoa ni filamu na dawa ya kuimarisha; kahawa, maji na giza vipo.

Ni nani atakayeamua?

Nisingependa waamuzi wote wawe wapiga picha. Mmoja awe fundi wa picha, ajuaye makosa ya mkono na makosa ya nuru. Wengine wawe wazee wa pande zote mbili, wake kwa waume, waulizwe maswali mawili tu: je, hapa ni kwetu kweli, na je, mtu huyu ameheshimiwa? Picha iliyotikisika kidogo, yenye kujibu maswali hayo mawili kwa ndiyo, kwangu mimi huishinda picha safi isiyojibu hata moja. Maonyesho yenyewe yafanyike mahali ambapo watu hupita bila kualikwa, ukumbi wa shule au baraza la soko, siku ya gulio, na picha zitundikwe kwa urefu wa macho ya watoto. Kisha nakala moja ya kila picha, pamoja na majina yaliyoandikwa, ihifadhiwe katika shule moja ya kila wilaya, kwa kuwa picha isiyo na jina hupotea upesi hata ikiwa karatasi yake ipo.

Basi, ewe msomaji wa Ngara au Biharamulo, watazame wazee wako na masanduku yao ya nguo. Aliyekuwa mwalimu, karani, katekista au fundi cherehani katika miaka ya hamsini na sitini huenda aliwahi kumiliki kamera ya namna hii, na huenda bado imelala chini ya mablanketi. Ukiipata, ifungue mahali pakavu, pangusa lenzi kwa kitambaa laini, isogeze shata mara kadhaa uisikilize kama bado inalia, na tazama kigurudumu kilichobaki ndani, ujue ni cha 120 au cha 620. Kisha usikitupe kigurudumu hicho, maana ndicho kitakachopokea filamu mpya. Usingoje kamera kumi zipatikane. Mbili zinatosha kuanzia, moja Ngara na moja Biharamulo, katika asubuhi moja ya Julai.